Suti, Kaunda, kitenge au baibui: uvae nini kazini ukipangiwa Mtwara au Lindi

Ajira mpya zikitoka, sisi ndio tunaowapokea. Wanatoka Mbeya, Njombe, Arusha, Mwanza, wanashuka stendi na begi kubwa na barua ya kupangiwa kituo. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, niko masijala hapa Mtwara huu mwaka wa 14, na meza yangu ndiyo ya kwanza mgeni akiingia, kwa hiyo nguo zao naziona kabla ya vyeti vyao. Wiki ya kwanza wanakuja na suti. Wiki ya pili koti linaning'inia kwenye kiti. Wiki ya tatu mmoja anasogea taratibu na kuuliza: "Dada, samahani, hivi huku watu wanavaaje kazini?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi, ila kila mara nalijibu kipande kipande, maana simu inalia au kuna mtu anasubiri faili. Leo nalijibu lote. Nitaweka vazi kando ya vazi, niseme lipi linakufaa na lipi litakusumbua, na pale ninapoegemea upande mmoja nitasema wazi.

Joto ndilo linaloamua mengi. Novemba na Desemba mchana unafika nyuzi 31 au 32, na hewa imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho halikauki, linakaa mwilini na kwenye nguo. Mvua yetu ni msimu mmoja mrefu, unaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Baada ya hapo unaingia upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti, na hiyo ndiyo miezi ambayo unaweza kuvaa koti asubuhi usijute. Aliyepangiwa Newala ana habari tofauti: kule juu kwenye uwanda wa Makonde, jioni upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, watu wanatafuta sweta.

La pili ni utaratibu. Kwa mtumishi wa umma mpaka ulishawekwa: upo Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 unaohusu mavazi, na getini kwenye ofisi nyingi za serikali utakuta bango la picha za nguo zisizotakiwa. Nguo fupi, nguo za kubana, nguo zinazoonyesha mwili, hizo usijaribu. Kampuni binafsi na benki zina taratibu zao, muulize afisa utumishi kabla hujanunua chochote. Mawakili wanaosimama Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara hawana hata cha kuchagua, vazi lao linajulikana. Ila utaratibu unakwambia usivae nini. Haukwambii shati gani litakufikisha saa tisa na nusu alasiri bado uko nadhifu.

La tatu ndilo ninalolijali kuliko yote. Kuna bibi anayetoka kijiji cha mbali huko Nanyamba kuja kufuatilia jambo lake. Ameamka usiku, amepanda gari alfajiri, na amevaa doti mpya ya kanga ambayo bado ina ile harufu ya dukani. Amejipamba kwa sababu anakuja ofisini. Akikaa mbele ya afisa mwenye fulana iliyolegea shingo na malapa miguuni, ameona jinsi anavyothaminiwa hata kabla hajasema shida yake. Na akikaa mbele ya kijana aliyebanwa na suti, jasho linamtiririka, anajifuta kila dakika na anataka mazungumzo yaishe haraka, hapo pia hakuhudumiwa. Nguo nzuri ya kazi ni ile inayokuacha umsikilize mtu.

Suti au Kaunda

Kwa wanaume hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Suti kamili kifuani ni tabaka tatu: singlendi, shati, koti. Koti nalo lina bitana, na bitana ya suti nyingi za bei ya kawaida ni poliesta, kitambaa kisichonyonya jasho. Juu yake kuna tai iliyoziba shingo, mahali pekee ambapo hewa ingepita. Ukifanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ukaletwa na gari na kurudishwa na gari, suti inakubalika mwaka mzima. Lakini ofisi nyingi zina feni ya dari, na umeme ukikatika hata hiyo feni hamna.

Suti ya Kaunda inaitwa hivyo kwa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, aliyekuwa akilivaa vazi hilo hata kwenye mikutano mikubwa ya dunia. Ni shati-koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa hicho hicho. Ndani unavaa singlendi, au huvai kitu. Hakuna tai, kola iko wazi, hewa inaingia kwa chini na kutokea shingoni. Ni vazi kamili la heshima, mkuu wako akiingia ghafla huna haja ya kukimbilia koti kitini.

Ninaegemea Kaunda, na sababu mojawapo niliiona kwa macho. Mwenzetu mmoja alihamia kutoka Njombe na suti tatu nzuri, moja nyeusi ya sufu aliyooa nayo. Aliitundika kabatini Desemba ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa nia ya kuitunza. Machi tukaambiwa kuna mgeni mkubwa, akaitoa. Kola yote na kingo za mifuko zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu, kama unga wa muhogo ulionyunyiziwa. Tuliupangusa kwa kitambaa na siki, ukatoka, lakini madoa yalibaki. Koti zito kwenye unyevu wa huku linataka litolewe nje lipigwe upepo kila wiki, kivulini, na lisifungwe kwenye plastiki. Nani ana muda huo? Kaunda unaifua Jumamosi, Jumapili unaipiga pasi.

Sitasema Kaunda haina kasoro. Kitambaa kikiwa chepesi mno linalegea, na mfuko wa mbele ukitia simu na funguo unavutwa chini kama ziwa la ng'ombe. Mafundi wengi bado wanashona ule mkato wa zamani, mpana, wenye mifuko minne, ndiyo maana vijana wanasema ni nguo ya wastaafu. Mwambie fundi akushonee mifuko miwili, mabega yafuate mabega yako, rangi bluu nzito au kijani kibichi kilichokolea. Kola atie gamu stafu, kile kitambaa kigumu cha ndani kinachoishikilia, la sivyo baada ya kufuliwa mara tatu italala kama jani lililokauka. Ukienda kujaribisha, usisimame tu mbele ya kioo ukifurahi. Nyanyua mkono kana kwamba unafikia faili rafu ya juu. Kwapa likivuta na tumbo likionekana, irudishwe palepale.

Na kwenye usaili usivae Kaunda. Jopo linaweza kuwa na watu wa aina nyingi, na kijana mwenye shati jeupe, tai na koti hajawahi kuulizwa swali juu ya nguo. Baadhi ya mabenki pia yanataka tai kaunta, hapo huna la kujadili. Kwa hiyo hesabu yangu kwa mwanaume wa ofisi ya serikali ni suti moja, kwa usaili na siku kubwa, na Kaunda mbili kwa siku za kawaida.

Siku zinazobaki vaa shati na suruali ya kitambaa au kadeti. Hapo hamna mengi ya kusema: shati lichomekewe, mkanda uendane na viatu, kadeti isiwe ile ya kubana mapaja. Angalia rangi tu. Bluu mpauko na kijivu zinaonyesha jasho kuliko zote, saa nne asubuhi umeshachora ramani mgongoni. Nyeupe na bluu nzito zinaficha. Ijumaa ofisini kwetu utaona kanzu safi na kofia, wanaume wanakwenda msikitini na kurudi mezani, na hakuna anayeshangaa. Kama wewe ni mgeni, angalia kwanza wakubwa wako wanavyofanya.

Sketi na blauzi, kitenge, au baibui

Kwa wanawake uchaguzi ni mpana zaidi, na mitego ni mingi zaidi.

Sketi ya penseli na blauzi ndiyo sare ya mabinti wengi wanaotoka chuo. Ofisini inapendeza. Tatizo ni kufika ofisini. Bajaji zetu zina kizingiti cha kupanda, na bodaboda ndiyo usikumbushe. Sketi nyembamba inayoishia magotini, ukiinua mguu inapanda mapajani, ukikaa upande kwenye pikipiki unaishika kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine. Yule anayepelekwa kijijini kwenye mkutano ana mtihani mwingine, maana akina mama wanatandika mkeka na wanakukaribisha ukae nao. Ukikataa kukaa kwa sababu ya sketi, mkutano umeshauharibu. Sketi ifike katikati ya muundi au chini zaidi, ipanuke kidogo kwa chini, na kama ina mpasuo usipite goti. Kabla hujailipia, ivae ukachuchumae. Nasema kweli, chuchumaa hapohapo dukani.

Blauzi za kile kitambaa cha kuteleza kinachong'aa sizishauri kwa huku. Zinashika mgongo, zinaonyesha mstari wa sidiria, na zikiloa kwapani alama haifichiki. Blauzi ya pamba au rayoni, yenye mikono inayofika karibu na kiwiko, ndiyo inayodumu siku nzima.

Gauni la kitenge ndilo ninalolipenda kwa mwanamke anayetaka kupendeza bila kuteseka. Ni pamba, linapitisha hewa, lina rangi zinazoficha jasho na vumbi, na ukishonewa mkato uliotulia hakuna ofisi ya huku itakayokukataza. Kipande cha kawaida ni yadi 6, kinatoa gauni refu na kilemba, au ukiwa mwembamba kinatoa gauni na blauzi. Chagua maua madogo au mistari kwa kazi. Yale maua makubwa kama sinia na picha za ndege yabaki ya harusi.

Kitenge changu cha kwanza cha kazi nilikishonesha mwezi nilioanza kazi, kwa fundi ambaye alikuwa na haraka kama mimi. Hakukiloweka, nami sikujua. Gauni lilikaa vizuri ajabu, lilishuka chini ya goti kwa kiganja kizima. Nililivaa Jumatatu, nikalifua Jumanne, Alhamisi nilipolivaa likawa limepanda mpaka magotini na kifua kimebana, na pindo lilikuwa jembamba kiasi kwamba hapakuwa na cha kushusha. Pamba inanywea kwenye maji ya kwanza. Tangu siku hiyo kitenge nakiloweka usiku kucha, nakianika, nakipiga pasi, ndipo nakipeleka kwa fundi, na namwambia aache pindo la inchi 2 na akiba ubavuni. Akininunia nampa mwingine.

Baibui naliongelea kama mvaaji. Wengi wetu ofisini tunavaa baibui au angalau ushungi, na Rais Samia Suluhu Hassan anaongoza nchi akiwa na ushungi kichwani, kwa hiyo suala la kama ni vazi la kazi halipo. Uzuri wake ni wepesi wa kuamua asubuhi: ndani unavaa kitu chepesi, juu baibui, umemaliza. Kukaa mkekani, kupanda bajaji, kwenda msibani saa sita mchana moja kwa moja kutoka kazini, kote unaingia. Ubaya wake ni kwamba jeusi linavuta jua, na mengi yametengenezwa kwa poliesta. Mikono mipana inanasa kwenye vishikio vya droo na kuchovya kwenye kidau cha muhuri, nimeshaharibu mawili hivyo. Pindo refu linafagia mchanga wa Shangani, mtaa wetu wa ufukweni hapa Mtwara, na kuja nao mpaka kwenye zulia la mkurugenzi. La kazini liwe la bluu nzito, kahawia au kijivu cha jivu, mikono ifungwe kwa kifungo au lastiki kwenye kifundo, na pindo liishie juu kidogo ya kiatu. Mtandio wa pamba au wa kitambaa kisichoteleza unakaa na pini mbili. Ule wa kuteleza utakufanya ushike kichwa kila unapoongea na mteja.

Dera si vazi la ofisini. Najua kuna wanaojitetea kwamba ni refu na linasitiri, lakini kitambaa chake ni chepesi, ukisimama mlangoni na mwanga nyuma yako kila kitu kinaonekana, na kila mtu wa pwani analijua kama nguo ya nyumbani na ya shughuli. Hapo siyumbi.

Angalia kitambaa kwanza

Watu wanachagua mshono kwanza, kitambaa baadaye. Kwa huku geuza. Shati lenye mshono mzuri wa poliesta tupu litakunukisha ifikapo saa sita, kwa sababu jasho halinyonywi na harufu inang'ang'ania nyuzi hata baada ya kufua. Pamba tupu inanyonya, ni baridi mwilini, lakini inajikunja haraka na inataka pasi kila siku. Kitani nacho ni baridi sana, ila ukikaa dakika kumi utadhani umelala nacho. Mashati mengi ya madukani ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na mchanganyiko si mbaya ukiegemea pamba: haujikunji sana na unakauka upesi kwenye kamba wakati wa mvua. Mimi nashauri nguo zinazogusa kwapa ziwe na pamba nyingi, na suruali na sketi ziwe za mchanganyiko ili zisimame na mikunjo yake.

Muuzaji atakwambia yote ni kotoni. Omba uzi mmoja, uchomoe kwenye ukingo wa kitambaa, uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, na inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kijiwe kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Mchanganyiko unakupa jivu lenye vipunje vigumu ndani. Mwenye duka mwaminifu hatakukataza.

Na pasi ipigwe usiku. Umeme wa asubuhi usiutegemee. Jirani yangu ana pasi ya mkaa aliyorithi kwa mama yake, na zipo asubuhi ambazo nyumba tatu tunapanga foleni kwake.

Mtumba, dukani, au kwa fundi

Kwa mashati ya kiume na blauzi za pamba, mtumba unashinda nguo mpya za bei rahisi, na sioni aibu kulisema. Unahitaji mashati matano kwa wiki maana kwa joto hili shati halirudiwi siku ya pili, na ukinunua matano mapya mazuri mshahara umekwisha. Machinga lilikuwa jina la watu na mahali kwetu Lindi kabla halijawa jina la kazi nchi nzima, kwa hiyo wauzaji utawapata. Nenda robota linapofunguliwa. Lishike shati ulielekeze juani, tazama kola na makwapa. Rangi ya njano kwapani haitoki, usijidanganye na sabuni. Makoti ya mtumba achana nayo, mengi yalishonwa kwa nchi za baridi.

Suruali, Kaunda, sketi na kitenge ni za fundi. Fundi mzuri anagharimu lakini nguo inakaa miaka, na ukinenepa inafunguliwa akiba. Jambo moja ambalo wageni hawalijui: usimpelekee fundi kitambaa wakati wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikifunguka na wakulima wakilipwa, kila familia inashonesha, na mafundi wanazidiwa mpaka Krismasi. Kabla ya Idd ni hivyo hivyo. Peleka Agosti, atakuwa na muda wa kupiga oveloki vizuri na kukusikiliza.

Kama kazi yako iko nje ya meza

Afisa ugani asivae nguo yake nzuri kwenda shamba la mikorosho, hata kama anakwenda kusalimia tu. Utomvu wa bibo, lile tunda la mkorosho, ukidondokea shati, doa linageuka kahawia na halitoki tena. Na miezi ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, utarudi wa njano kuanzia nyusi hadi soksi. Weka kadeti mbili za rangi ya udongo na mashati ya mikono mirefu ya pamba kwa ajili hiyo tu, na shati moja safi kwenye begi kwa ajili ya kusaini kitabu ofisi ya kijiji.

Bandarini, kiwanda cha saruji, kwenye mitambo ya gesi Madimba, huko mavazi hayalinganishwi, unavaa unachopewa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo usikubali kuambiwa ukajinunulie buti na kofia ngumu. Kinachobaki mikononi mwako ni nguo ya ndani ya ovaroli, na hiyo iwe pamba. Poliesta ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Dada zangu mnaovaa ushungi kwenye mitambo inayozunguka, vaeni ule wa kuvuta unaobana kichwani na shingoni, mtandio wenye ncha zinazoning'inia ubaki kwenye kabati la kubadilishia nguo.

Viatu kwa kifupi: ngozi iliyofungwa kwa ofisini, kisigino kisizidi inchi 2 kwa sababu mchanga wetu unameza kisigino chembamba, na jozi ya pili ya raba au plastiki kwa siku za mvua. Viatu vya ngozi navyo vinaota ukungu, vijaze karatasi na uviweke mahali penye hewa.

Mshahara wa kwanza

Ukiniuliza ununue nini kwanza, mwanaume nitakwambia mashati matano ya mtumba yaliyochaguliwa, suruali mbili za kitambaa za fundi, viatu na mkanda. Kaunda ya kwanza mwezi wa tatu, ya pili baadaye. Suti ulishakuja nayo, itunze kwa jua la asubuhi. Mwanamke, blauzi nne, sketi mbili zinazoweza kukaa mkekani, na kitenge kimoja ambacho umekiloweka mwenyewe. Kama ni mvaa baibui, mawili yanatosha ukiyafua kwa zamu.

Halafu weka doti moja ya kanga kwenye droo ya meza yako, pamoja na sindano, uzi mweusi na mweupe, na pini mbili. Mimi nimekuwa nayo miaka yote. Kuna siku alikuja binti wa mafunzo kwa vitendo, siku yake ya kwanza, mzee wa getini akamrudisha kwa sababu ya sketi. Alisimama nje kwenye jua akilia kimya, barua ya chuo imelowa mkononi. Nilitoka na kanga, nikamfunga kiunoni ikashuka mpaka kwenye viatu, kipande cha pili nikamtupia mabegani, nikamwambia: "Twende mwanangu, nitakupeleka mwenyewe kwa afisa utumishi." Alifanya kazi siku nzima hivyo, akapanga majalada ya miaka miwili, na hakuna mgeni hata mmoja aliyemuuliza kwa nini amejifunga kanga. Kesho yake aliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe, naye amevaa sketi ndefu ya mama yake mdogo, imepunguzwa kiunoni kwa pini.